Nyasi kwa nguruwe, samadi kwa shamba: jinsi ya kurudisha rutuba inayopotea

Mfugaji wa nguruwe katika Kaunti ya Kakamega hukabiliwa na gharama mbili kubwa kila msimu: chakula cha mifugo na mbolea ya kupandia. Wengi huziona kama gharama mbili zisizohusiana, moja ya banda na nyingine ya shamba. Kumbe nitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizomo ndani ya pumba na nyasi ndizo zile zile zinazouzwa dukani ndani ya gunia la mbolea. Nguruwe huzipokea kwa mdomo, hutumia sehemu ndogo kujenga mwili, na zilizobaki huzitoa kwa njia ya kinyesi na mkojo. Kama zitarudi shambani au zitaondoka na maji ya mvua, hilo huamuliwa na mfugaji.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2022, wakati gunia la kilo 50 la DAP lilipopita shilingi 6,000 madukani. Serikali ya kitaifa iliingiza mbolea ya bei nafuu, kwa shilingi 3,500 na mwaka uliofuata kwa shilingi 2,500. Nafuu hiyo ilisaidia, lakini somo lilibaki: familia inayotegemea gunia la dukani peke yake haina kinga bei inapopanda ghafla. Wakati huo huo, chakula cha nguruwe hula zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji. Pumba zikipanda bei, wengine huuza nguruwe jike kabla ya wakati na wengine huwaachilia wanyama wazurure wajitafutie, jambo linaloleta magonjwa yatakayoelezwa hapa chini.

Nyasi za shambani zinaweza kupunguza gharama hizo mbili kwa pamoja. Lakini zina masharti yake, na mfugaji asipoyajua atapata nguruwe wembamba na shamba lililochoka.

Nguruwe si ng'ombe

Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Kile kikubwa kimejaa vijidudu vinavyovunja nyuzinyuzi za nyasi kabla chakula hakijafika mbele. Nguruwe ana tumbo moja kama binadamu. Nyuzinyuzi hupita hadi utumbo mpana bila kuguswa sana, na huko ndiko vijidudu huzichachua na kumpa mnyama nguvu kidogo. Utumbo mpana wa nguruwe jike aliyekomaa ni mkubwa na una uwezo mzuri wa kazi hiyo. Wa mtoto wa nguruwe aliyeachishwa kunyonya bado ni mdogo na dhaifu.

Ndiyo sababu nyasi haziwezi kuwa chakula kamili cha nguruwe. Watafiti waliowapima nguruwe wa wakulima wadogo wa Busia na Kakamega walikuta wanakua polepole mno, na lishe duni ilikuwa sababu kubwa. Nguruwe anayekua akishibishwa nyasi peke yake hujaza tumbo kabla ya kupata protini na nguvu anazohitaji. Atachukua muda mrefu zaidi kufikia uzito wa kuuzwa, na muda huo wote atakuwa anakula. Mfugaji hudhani ameokoa pesa, kumbe amezipoteza.

Kilicho na faida kwa nguruwe kimo ndani ya jani changa: protini, vitamini na madini. Shina gumu ni mzigo. Huko Denmark, nchi inayojulikana duniani kwa ufugaji wa nguruwe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus wamefuata hoja hii hadi mwisho. Nyasi na klova mbichi hukamuliwa kwa mashine, protini hutolewa kwenye maji yake na kulishwa nguruwe na kuku, nayo makapi yaliyobaki hupewa ng'ombe. Mkulima wa Khwisero au Malava hana mashine hiyo na haihitaji. Panga na kalenda vinatosha: nyasi zikatwe zikiwa changa, majani wapewe nguruwe, na mashina magumu yaende kwa ng'ombe au yatandikwe bandani.

Nani apewe nyasi, na kiasi gani

Kiasi hutegemea umri na hali ya mnyama. Vipimo vifuatavyo ni vya nyasi changa na mbichi kwa siku.

• Nguruwe jike mwenye mimba: kilo 3 hadi 5. Huyu ndiye anayefaidika zaidi. Chakula chake cha kawaida hupimwa ili asinenepe kupita kiasi, kwa hiyo hushinda na njaa na huanza kuguguna vyuma na mbao za banda. Nyasi humshibisha, humtuliza na humsaidia asifunge choo siku za kuzaa zinapokaribia.

• Nguruwe jike asiye na mimba na dume la mbegu: kilo 3 hadi 4, pamoja na chakula chao cha kawaida kilichopimwa.

• Nguruwe jike anayenyonyesha: kilo 1 au 2 kama kitoweo tu. Chakula chake cha nafaka na protini kisipunguzwe hata kidogo, kwa sababu maziwa ya watoto hutoka humo.

• Nguruwe wa kunenepesha aliyepita kilo 50: kilo 1 hadi 2, juu ya chakula chake kamili.

• Nguruwe wachanga wa chini ya kilo 25: konzi ya majani laini kwa ajili ya kuzoea, basi. Wakianza kuharisha, majani yasimamishwe.

Hesabu ya nguruwe jike mwenye mimba inaonyesha faida yake. Kilo 4 za nyasi changa zina maji mengi. Zikikaushwa kabisa hubaki takriban gramu 700. Nguvu atakayoipata nguruwe jike kutoka humo inakaribia ile ya nusu kilo ya chakula cha dukani. Kama alikuwa akila kilo 2.5 za chakula kwa siku, anaweza kupewa kilo 2 pamoja na nyasi hizo. Mimba ya nguruwe huchukua miezi 3, wiki 3 na siku 3. Nyasi zikitumiwa kwa siku 80 za mwanzo, mfugaji huokoa kilo 40 za chakula kwa kila mimba. Nguruwe jike anayezaa mara 2 kwa mwaka humwachia kilo 80.

Mabadiliko yafanywe polepole kwa muda wa wiki 2, kwa kuongeza kidogo kidogo. Maji safi yawepo wakati wote. Na mfugaji amtazame mnyama mwenyewe: nguruwe jike akionyesha mifupa ya mgongo na nyonga, nyasi zimezidi na chakula kimepungua.

Nyasi na majani yanayofaa

Napia ndiyo inayopatikana kwa wingi kwenye mipaka na matuta ya mashamba ya kaunti hii. Kwa ng'ombe, wengi huikata ikifika kiunoni au zaidi. Kwa nguruwe, ikatwe ikiwa kimo cha goti, kati ya wiki ya 4 na ya 6 baada ya kukatwa mara ya mwisho, na ikatwekatwe vipande vifupi. Visiki vya urefu wa kiganja viachwe ili ichipuke tena. Mashina ya kupanda yasichukuliwe kutoka shamba lenye napia iliyodumaa na kugeuka manjano, kwa sababu ugonjwa wa kudumaa umeenea katika magharibi ya Kenya na husafiri na mbegu hizo. Brachiaria ni nyasi nyingine nzuri yenye majani mengi na shina laini.

Desmodiamu inajulikana kwa wakulima wanaotumia mbinu ya sukuma-vuta, iliyoendelezwa na kituo cha icipe huko Mbita katika Kaunti ya Homa Bay pamoja na washirika wake. Hupandwa katikati ya mistari ya mahindi ili kufukuza vipekecha shina na kuzuia gugu la striga, linaloitwa kayongo kwa Kijaluo, huku napia au Brachiaria ikizunguka shamba na kuwanasa wadudu. Mimea hiyo miwili ni lishe. Desmodiamu ni ya jamii ya kunde, hivyo ina protini nyingi kuliko nyasi, lakini ina pia uchachu unaopunguza usagaji wa chakula tumboni. Ichanganywe na majani mengine, isizidi robo ya rundo.

Marando, yaani mashina na majani ya viazi vitamu, ni miongoni mwa majani bora kwa nguruwe. Yana protini kuliko napia na huliwa kwa hamu. Mchicha, majani ya kabeji na majani ya ndizi yaliyo machanga yanafaa pia.

Mengine yahitaji hadhari. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi na lazima yakatwekatwe na kukaushwa juani kwanza. Lusina isitumiwe kwa wingi, kwa kuwa ina kemikali inayodhuru nguruwe na kuwafanya wanyonyoke manyoya. Lantana na viazi vya kizungu vilivyogeuka kijani visitumiwe kabisa. Nyasi zilizopuliziwa dawa ya magugu zisilishwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa zipite.

Hesabu ya rutuba

Mahindi yanapouzwa, rutuba huondoka nayo. Kila gunia la kilo 90 hubeba zaidi ya kilo 1 ya nitrojeni iliyotoka kwenye udongo wa shamba hilo. Napia nayo ni mlaji mkubwa. Hutoa majani mengi kwa mwaka na huvuta nitrojeni na potasiamu kwa nguvu. Mstari wa napia unaokatwa miaka yote bila kurudishiwa chochote huanza kukonda, ukawa manjano, na mwishowe mkulima husema mbegu imezeeka. Mara nyingi kilichozeeka ni udongo.

Nguruwe anaweza kuwa daraja la kurudishia rutuba hiyo. Mfano ni nguruwe aliyenunuliwa akiwa na kilo 10 na kuuzwa akiwa na kilo 90. Tuseme alikula kilo 3.5 za chakula kwa kila kilo 1 aliyoongeza. Jumla alikula kilo 280. Kama chakula hicho kilikuwa na protini asilimia 16, ndani yake kulikuwa na takriban kilo 7 za nitrojeni. Mwili wake, kwa zile kilo 80 alizoongeza, ulihifadhi kilo 2 hivi. Kilo 5 zilizobaki zilitoka kama kinyesi na mkojo.

Gunia la kilo 50 la CAN lenye nitrojeni asilimia 26 lina kilo 13. Maana yake ni kwamba nguruwe 3 wa kunenepesha huacha bandani nitrojeni inayopita ya gunia zima la CAN kabla hawajauzwa. Sehemu kubwa ya fosforasi iliyo kwenye pumba za mahindi na ngano pia hutoka na kinyesi, kwa sababu imo katika hali ambayo tumbo la nguruwe haliwezi kuisaga vizuri. Kwa udongo wa magharibi ya Kenya, ambao sehemu nyingi una asidi na uhaba wa fosforasi, hiyo ni mali.

Nyasi zina mchango wao katika hesabu hii, na wengi hawaujui. Nguruwe anayelishwa nafaka na protini peke yake hutoa nitrojeni nyingi kwa njia ya mkojo. Anapoongezewa nyuzinyuzi laini, vijidudu vya utumbo mpana huongezeka na huifunga nitrojeni ndani ya miili yao, kisha hutoka nayo kwenye kinyesi. Nitrojeni ya mkojo hugeuka haraka kuwa gesi ya amonia, ile inayowasha macho mtu akiingia kwenye banda chafu. Nitrojeni ya kinyesi hukaa muda mrefu zaidi na hutoka polepole. Nyasi kidogo kila siku hupunguza harufu ya banda na kuongeza kile kinachobaki kwa ajili ya shamba.

Hata hivyo, mzunguko huu hauzai rutuba mpya. Kila zamu kitu kinapotea: nguruwe aliyeuzwa, amonia iliyopaa, maji yaliyotiririka. Ndiyo sababu mimea ya jamii ya kunde kama desmodiamu na maharagwe ina nafasi muhimu. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu kuvuta nitrojeni ya hewani na kuiingiza shambani bila kununuliwa.

Mkojo ndio unaopotea kwanza

Sehemu kubwa ya potasiamu na ya nitrojeni inayotoka imo kwenye mkojo. Katika mabanda mengi mkojo huoshwa kwa maji hadi kwenye mtaro na kuishia mtoni, ambako huchafua maji ya jirani. Mfugaji anayebeba kinyesi kikavu peke yake kwenda shambani ameacha nyuma sehemu nzuri ya mbolea yake.

Dawa rahisi ni matandiko. Mashina ya napia ambayo nguruwe ameyakataa, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, maranda ya mbao na majani makavu ya ndizi yatandazwe sakafuni. Hunyonya mkojo na hubaki na rutuba yake. Matandiko yaliyolowa yaondolewe kila baada ya siku chache na kuwekwa moja kwa moja kwenye rundo la mboji. Sakafu ya saruji iwe na mteremko mdogo kuelekea kwenye shimo au mtungi wa kukusanyia, si kuelekea barabarani. Paa lizuie mvua isiingie ndani.

Jinsi ya kutengeneza mboji ya banda la nguruwe

1. Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji, mbali na kisima, mto na jikoni.

2. Anza na tabaka la mabua makavu ili hewa ipite chini. Juu yake weka tabaka la samadi na matandiko yaliyolowa, kisha tabaka la majani makavu au nyasi. Endelea hivyo mpaka rundo lifike urefu wa mita 1 hadi 1.5.

3. Mwagia maji kama rundo ni kavu. Likifinywa mkononi liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa.

4. Funika kwa majani ya ndizi au karatasi ya plastiki. Mvua ya Aprili ikinyesha juu ya rundo lililo wazi huosha potasiamu na nitrojeni na kuziacha kwenye matope.

5. Choma fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache ikitolewa iwe moto. Joto hilo ndilo linaloua mayai ya minyoo, vijidudu vya magonjwa na mbegu za magugu. Fimbo ikitoka baridi, rundo linahitaji maji, samadi zaidi au kugeuzwa.

6. Geuza kila baada ya wiki 2 au 3, ukihakikisha yaliyokuwa pembeni yanaingia katikati. Baada ya miezi 3 hivi huwa nyeusi, yenye kuvunjikavunjika na kunukia kama udongo.

Majivu na chokaa visichanganywe na samadi mbichi. Huisukuma nitrojeni itoke kama amonia. Majivu yapelekwe shambani peke yake.

Wakati wa kupanda, weka konzi mbili za mboji katika kila shimo na uifukie papo hapo. Mstari wa napia upate sehemu yake kila baada ya kukatwa mara kadhaa, kwa sababu ndiyo inayolisha banda. Mboji ikiwa chache, ni afadhali mbolea ya dukani iongezwe kwa kiasi kidogo kuliko shamba kuachwa na njaa. Viwili hivyo husaidiana: mboji hushika maji na kuzuia mbolea isioshwe na mvua.

Samadi mbichi ya nguruwe isiwekwe kwenye sukumawiki, nyanya, kitunguu au mboga yoyote iliyokaribia kuvunwa. Kama hakuna mboji iliyoiva, samadi ifukiwe ardhini angalau miezi 4 kabla ya mavuno.

Afya: tegu na homa ya nguruwe

Kuna sababu nyingine ya kuleta nyasi bandani badala ya kumwacha nguruwe azifuate. Magharibi ya Kenya, ikiwemo Busia na maeneo jirani, ina historia ya tegu wa nguruwe. Mtu mwenye tegu tumboni hutoa mayai kupitia choo kikubwa. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, au nyasi zilizochafuliwa nacho, hupata vivimbe kwenye nyama. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu hukua tumboni mwake. Mayai ya tegu yakiingia kinywani mwa binadamu kwa mikono, maji au mboga chafu, vivimbe vinaweza kuota ubongoni na kuleta kifafa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kula nyama ya nguruwe maishani. Ugonjwa huu ni miongoni mwa sababu kuu za kifafa kinachoweza kuzuiwa katika maeneo yaliyoathirika.

Nguruwe aliyefungiwa na kuletewa nyasi safi hukata mnyororo huo. Lakini nyasi zenyewe zisikatwe kando ya vichaka ambako watu hujisaidia, wala karibu na vyoo vinavyovuja. Kila boma liwe na choo na maji ya kunawa. Nyama ipitie kwa mkaguzi na ipikwe mpaka iive kabisa.

Hatari ya pili ni homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921. Haumwambukizi binadamu, lakini unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na hauna tiba. Virusi vyake hudumu ndani ya nyama, damu na mizoga. Mabaki ya hoteli yenye vipande vya nyama ya nguruwe ni njia yake ya kawaida. Nyasi za shamba la mfugaji mwenyewe ni salama kuliko mabaki hayo, mradi zisikatwe karibu na kichinjio, mahali palipotupwa mizoga au panapopita nguruwe wa mitaani. Mfugaji atumie panga, gunia na viatu vya banda lake mwenyewe. Ikitokea nguruwe kadhaa wakafa kwa ghafla wakiwa na homa na ngozi iliyobadilika kuwa nyekundu au zambarau, wasiuzwe na wasichinjwe. Afisa wa mifugo aitwe mara moja, na samadi ya banda hilo isitolewe mpaka atakapotoa maelekezo.

Kuanza na robo ekari

Mfugaji mwenye nguruwe jike 3 wanaokula kilo 4 za nyasi kila mmoja huhitaji kilo 12 kwa siku, yaani chini ya tani 4.5 kwa mwaka. Robo ekari ya napia iliyotunzwa na kuwekewa samadi kwa kawaida hutosha, na ziada hubaki kwa ng'ombe au matandiko. Napia ikiwa kwenye mipaka na matuta, haichukui nafasi ya mahindi na huzuia udongo usichukuliwe na mvua.

Njia rahisi ni kugawa napia katika vipande 6 na kukata kimoja kila wiki. Kipande cha kwanza kitakuwa kimefika kimo cha goti wakati cha sita kinapomalizika. Nyasi zikizidi katika miezi ya Aprili hadi Juni, zikatwekatwe pamoja na marando, zinyunyiziwe molasi kidogo, zishindiliwe ndani ya gunia la plastiki bila hewa na kufungwa vizuri. Zitaliwa Januari na Februari, wakati nyasi za nje zimekauka.

Daftari ndogo ikae bandani. Iandikwe kilo za chakula kilichonunuliwa, mitoroli ya mboji iliyotoka, uzito au kipimo cha kifua cha nguruwe kila mwezi, na magunia yaliyovunwa katika kila kipande cha shamba. Baada ya misimu miwili, kurasa hizo zitaonyesha kama nyasi zinapunguza gharama au zinachelewesha ukuaji.

Wakazi wanaotaka ushauri kuhusu mbegu za napia au desmodiamu, upimaji wa udongo, ujenzi wa banda na chanjo au dawa za minyoo wanaombwa kufika katika ofisi ya kilimo na mifugo ya wadi yao, au ofisi ya kaunti ndogo iliyo karibu. Ni vyema kwenda na daftari hiyo pamoja na orodha ya wanyama waliopo, ili afisa ashauri kulingana na boma lenyewe.